Goti la Jeshini, Maradhi ya Leo: Udai VA kwa Njia Ipi?

Tuchukue askari wa zamani wa Marekani aliyeruka na parachuti, akatua vibaya, akaumia goti la kushoto. Alipotoka jeshini VA, yaani Idara ya Masuala ya Maveterani, ililikubali goti hilo kuwa limetokana na utumishi na kulipa kwa kiwango cha ulemavu cha asilimia 20. Miaka imepita. Sasa goti la kulia nalo linauma, kiuno kinakaza asubuhi, tumbo limechokozwa na vidonge vya maumivu, na usingizi umekuwa wa shida. Mwenyewe anaamini yote yametokana na lile goti la kwanza. Adai au asidai si swali tena. Swali ni adai kwa njia ipi, kwa kuwa ziko nne, na kila moja ina mzigo wake wa ushahidi.

Anaweza kudai kwamba maradhi mapya nayo yalianzia jeshini. Anaweza kudai kwamba yamezaliwa na goti lililokwisha kubaliwa. Hili nitaliita dai la upili. Anaweza kudai kwamba maradhi aliyokuwa nayo kwa sababu nyingine yamezidishwa na goti. Au anaweza kuyaacha mapya yote na kuomba asilimia ya goti lenyewe ipandishwe. Fomu ni ileile, 21-526EZ, na viwango vya malipo ni vilevile. Dai la upili halilipi senti pungufu kuliko la moja kwa moja, ingawa askari wengi hulitazama kama dai la daraja la chini na kung'ang'ania kuthibitisha kwamba kila kitu kilianzia kambini. Huo ndio ushindani ambao mara nyingi hawawezi kuushinda.

| Njia | Cha kuthibitisha | Panapokwama mara nyingi |
|---|---|---|
| Moja kwa moja | Maradhi ya sasa, tukio la jeshini, uhusiano wa kitabibu | Faili la jeshini liko kimya |
| Upili, kusababishwa | Maradhi ya sasa, jeraha lililokubaliwa, uhusiano wa kitabibu | Maoni ya daktari hayana sababu |
| Upili, kuzidishwa | Hali ilivyokuwa kabla, na jinsi ilivyozidi | Hakuna rekodi ya hali ya kabla |
| Kupandisha asilimia | Jeraha lilelile limekuwa baya zaidi | Vipimo havifiki ngazi inayofuata |

Moja kwa moja: faili likisema, sema nalo

Njia hii inafaa pale tu ambapo karatasi za matibabu za jeshini zinakitaja kiungo unachokidai. Kama siku ya kuanguka daktari wa kikosi aliandika "goti na kiuno", basi kiuno kina msingi wake na hakihitaji kubebwa na goti. Kama aliandika goti tu, na kiuno kinaonekana kwa mara ya kwanza kwenye rekodi za hospitali miaka kumi na tano baadaye, una pengo. Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ilikwisha kusema katika kesi ya Maxson ya mwaka 2000 kwamba muda mrefu bila malalamiko ya kitabibu unaweza kuhesabiwa dhidi ya mdai. Si lazima uhesabiwe, lakini unaweza, na kwa kawaida huhesabiwa.

Lipo dirisha dogo. Baridi yabisi ya viungo iko kwenye orodha ya maradhi sugu ya kifungu cha 3.309 cha kanuni za VA. Ikijitokeza kwa kiwango cha asilimia 10 ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka jeshini, sheria inachukulia kwamba ilianzia huko. Na kwa maradhi ya orodha hiyo, mlolongo wa dalili zisizokatika tangu utumishi unaweza kuziba pengo la karatasi. Yasiyo kwenye orodha hayapati upendeleo huo; kesi ya Walker ya 2013 ilikata mzizi wa fitina.

Kwa wazee wa zamani kuna tatizo jingine. Moto wa Julai 1973 katika kituo cha kumbukumbu za wanajeshi cha St. Louis uliteketeza mamilioni ya mafaili: takriban asilimia 80 ya yale ya askari wa nchi kavu waliotoka kati ya 1912 na 1960, na takriban asilimia 75 ya sehemu kubwa ya yale ya askari wa anga waliotoka kati ya 1947 na 1964. Aliyepoteza faili hapo anaruhusiwa kutumia ushahidi mbadala, kama barua za wakati ule, picha na maelezo ya waliokuwa naye. Lakini kama ana jeraha moja tu lililokwisha kupita mlango wa VA, ni nafuu kwake kuyajenga mengine juu ya hilo kuliko kulifufua faili lililoungua.

Upili: jeraha la kwanza ndilo shahidi

Kanuni yenyewe ni 38 CFR 3.310, kifungu kingine cha kanuni hizohizo za VA. Inasema ulemavu uliosababishwa na jeraha au ugonjwa uliokubaliwa utahesabiwa kama sehemu ya ule wa kwanza. Hutakiwi kuonyesha kwamba goti la kulia liliuma jeshini. Hutakiwi kudai ndani ya miaka fulani. Miaka thelathini baadaye si tatizo kisheria. Wala asilimia ya jeraha la kwanza haijalishi. Hata waliopewa sifuri, ambao wengi wao wameitupa ile barua droo ya chini kwa hasira, wana msingi kamili wa kudai upili, kwa sababu sifuri hiyo ni kukubaliwa bila malipo.

Minyororo inayokubalika ni mingi, na haina nguvu sawa. Ulio imara kuliko yote ni ule wa mgongo na neva: diski iliyokubaliwa inabana neva, mguu unapata ganzi na moto. Kipimo cha neva kinaonyesha, picha inaonyesha, na kanuni za kupima uti wa mgongo zenyewe zinaagiza matatizo ya neva yapimwe peke yake. Kisukari ni vivyo hivyo: ganzi ya miguu, figo na macho hupimwa kama matatizo yake.

Unaofuata ni wa dawa. Ibuprofen na naproxen zinazomezwa kwa miaka hujulikana kuumiza tumbo, na hata figo. Hapa ushahidi wako mzuri kuliko wote ni orodha ya dawa ulizoandikiwa, tarehe na dozi, kwa sababu inaonyesha sababu iliyotangulia na matokeo yaliyofuata. Uliyezinunua mwenyewe dukani bila cheti una kazi ngumu zaidi; eleza kwa maandishi ulimeza kiasi gani na kwa muda gani, na mwambie daktari wako aandike hivyo kwenye faili kila unapomtembelea.

Maumivu ya kudumu na sonona ni mnyororo ambao VA imeukubali mara nyingi, na nadhani ndio unaoachwa bila kudaiwa kuliko wote. Wanaume waliofunzwa kuuma meno hawapendi kumwambia mtu kwamba wameacha kucheza na watoto wao kwa sababu ya goti. Lakini bila uchunguzi na jina la ugonjwa lililoandikwa na mtaalamu hakuna dai. Huzuni uliyonayo moyoni haipimwi. Sonona iliyo kwenye faili inapimwa kuanzia sifuri hadi 100, kwa kadiri inavyoharibu kazi na mahusiano.

Kuchechemea ndiyo hoja inayotolewa zaidi, na pia inayokataliwa kirahisi zaidi. Askari anaandika: nimeegemea mguu wa kulia miaka yote, sasa umechoka. Mchunguzi, yaani mtaalamu wa afya anayempima kwa niaba ya VA, anajibu kwamba hakuna ushahidi wa mwendo uliobadilika kwa kiasi cha kuharibu kiungo kingine. Nani anashinda? Anayeshinda ni mwenye karatasi. Rekodi za tiba ya viungo zinazosema "anachechemea" mwaka baada ya mwaka, mkongojo ulioandikiwa, tofauti ya urefu wa miguu iliyopimwa: hizo zinahamisha uzito. Bila hizo, dai la kuchechemea ni neno lako dhidi ya la daktari, na kwenye suala la chanzo cha ugonjwa daktari ndiye anayesikilizwa.

Mnyororo mrefu kuliko yote ni ule wa uzito. Goti lilimfanya asiweze kufanya mazoezi, akanenepa, unene ukaleta shinikizo la damu au kukosa hewa usingizini. VA haiulipi unene wenyewe, lakini maoni ya mwanasheria wake mkuu ya mwaka 2017 yanauruhusu kuwa daraja kati ya jeraha na ugonjwa. Lazima ijibiwe kwamba jeraha ndilo lililoleta unene, kwamba unene ulichangia kwa kiasi kikubwa kuleta ugonjwa, na kwamba bila unene huo ugonjwa usingetokea. Ni pete tatu katika mnyororo mmoja, na yoyote ikikatika dai limekufa. Usiende huko bila jedwali la uzito wako tangu siku uliyotoka jeshini. Kama ulikuwa na kilo zilezile kabla goti halijaharibika, tafuta hoja nyingine.

Ziko pia njia za mkato ambazo kanuni yenyewe imezitoa, na watu wengi hawazijui. Aliyepata jeraha la ubongo la kiwango cha kati au kikubwa, kisha akapata dalili za Parkinson au kifafa kisicho na kichocheo kingine, hatakiwi kuleta daktari wa kuunganisha. Uhusiano unachukuliwa kuwa upo mpaka kuwe na ushahidi wazi wa kuupinga. Aina fulani za ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu huingia zikijitokeza ndani ya miaka 15, na sonona ndani ya miaka 3 kwa jeraha la kati au kubwa, au miezi 12 kwa jeraha dogo. Aliyekatwa mguu mmoja kwenye goti au juu yake, au miguu yote miwili kwenye vifundo au juu yake, akapata ugonjwa wa moyo, naye ana kifungu chake humohumo.

Barua ya daktari, mahali dai linapopona au kufa

Kipimo cha kisheria si kikali kama watu wanavyodhani. Uwezekano wa nusu kwa nusu unatosha, na ushahidi ukilingana pande zote mbili, mashaka yanakwenda kwa askari. Daktari anayeandika "inawezekana" amekuandikia karatasi isiyo na faida, kwa sababu kila kitu kinawezekana. Anayeandika "ni hakika" bila kueleza hana faida kubwa zaidi. Mahakama ya maveterani, katika kesi ya Nieves-Rodriguez ya mwaka 2008, ilisema thamani ya maoni ya kitabibu iko katika hoja zake. Kule kusema tu kwamba daktari amesoma faili hakutoshi.

Kwa hiyo barua inayofaa inataja jeraha lililokubaliwa kwa jina lake, inataja maradhi mapya kwa jina lake, inasema uwezekano ni angalau nusu kwa nusu, kisha inaeleza kwa nini, ikitumia mwili wako na historia yako: picha hii ya eksirei, mwaka huu, dozi hii, umri huu. Na inajibu pingamizi ambalo mchunguzi wa VA angelitoa. Kama una miaka 58 na mchunguzi atasema ni uzee tu, daktari wako aeleze kwa nini goti la kulia limechakaa hivyo wakati mabega na viganja vya mtu huyohuyo vina afya.

Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho iliongeza jambo muhimu katika kesi ya Spicer. Askari alikuwa na saratani ya damu iliyokubaliwa, na matibabu yake yalimzuia kubadilishiwa magoti yaliyokuwa na ugonjwa usiohusiana na jeshi. Mahakama ilisema sheria inauliza kama ulemavu wa sasa ungekuwapo kwa kiwango hicho lisingekuwapo lile tatizo lililokubaliwa. Maana yake, jeraha la jeshi likikuzuia kupata tiba ya ugonjwa mwingine, hilo nalo laweza kuwa dai.

Kuzidishwa: njia ya akiba inayosahaulika

Tangu kesi ya Allen ya mwaka 1995, askari anaweza kulipwa kwa sehemu ya ugonjwa iliyoongezwa na jeraha la jeshi, hata kama ugonjwa wenyewe hauhusiani kabisa na jeshi. Ulikuwa na shinikizo la damu la kurithi. Maumivu na dawa zikalipandisha. Ulikuwa na sonona tangu ujana. Goti likaizamisha zaidi. VA hupima kiwango cha leo, hutoa kiwango cha awali, na hulipa kinachobaki. Aliyekuwa kwenye 30 na sasa yuko kwenye 50 hulipwa 20.

Ubaya wake ni huo wa hesabu ya kutoa, na ule wa rekodi. VA haikubali kuzidishwa bila ushahidi wa kitabibu wa hali ya awali, ulioandikwa kabla ya kuzidi au angalau wa mapema kabisa kabla ya kiwango cha leo. Asiyewahi kumwona daktari kabla hana mahali pa kuanzia kupima. Kwa hiyo kama chaguo ni kati ya kusababishwa na kuzidishwa, kusababishwa kuna faida zaidi.

Lakini si lazima uchague. Andika kwenye dai "limesababishwa au limezidishwa na goti la kushoto", na umwombe daktari ajibu yote mawili kwa sentensi tofauti. Wachunguzi wengi hujibu la kwanza tu. Wanaandika kwamba maradhi "hayahusiani" na goti, wakadhani wamemaliza. Katika kesi ya El-Amin ya 2013 mahakama ilisema jibu la namna hiyo haligusi suala la kuzidishwa. Ukipata barua ya kukataliwa, soma maneno ya mchunguzi kwanza. Kama la pili halikujibiwa, una kosa lao mkononi.

Kupandisha asilimia au kudai upili? Hesabu iseme

Rudi kwa askari wetu. Goti lake la kushoto lina asilimia 20 kwa sababu halikunjiki kupita nyuzi 30. Ili apate 30 kwa kipimo hichohicho, lisikunjike kupita nyuzi 15, yaani karibu liwe gogo. Upande wa pili, goti la kulia linalouma likisogezwa linaweza kupata asilimia 10 kwa maumivu tu, likishakubaliwa kama upili. Asilimia 20 na 10 kwa hesabu ya VA ni 28, na kwa kuwa ni miguu yote miwili huongezwa sehemu ya kumi ya 28, inakuwa 31, inalipwa kama 30.

Yaani njia zote mbili zinaishia kwenye hundi ileile. Kwa viwango vilivyoanza Desemba 2024, asilimia 20 ilikuwa dola 346.95 kwa mwezi na 30 ilikuwa dola 537.42 kwa asiye na wategemezi. Tena kuanzia 30 mke au mume na watoto huongezewa. Njia moja inataka goti liwe limeganda, nyingine inataka goti la pili liume na daktari aeleze kwa nini. Sioni sababu ya kuanza na ngumu.

Sasa mwongeze sonona ya asilimia 50. VA haijumlishi kama watoto wa shule. Huchukua sehemu ya mwili uliobaki mzima. Hamsini kwanza, kisha 31 ya hamsini iliyobaki, jumla 66, inapandishwa hadi 70: dola 1,759.19 kwa viwango hivyo vya Desemba 2024. Lau ile nyongeza ya miguu miwili isingekuwapo, jumla ingekuwa 64, ikashuka hadi 60: dola 1,395.93. Goti la kulia la asilimia 10, ambalo mtu angeliona halina maana, limebeba tofauti ya zaidi ya dola 360 kila mwezi.

Kuna faida nyingine iliyojificha kwa asiyeweza tena kufanya kazi ya kumpa riziki. Malipo ya kiwango cha 100 kwa asiyeajirika huhitaji ulemavu mmoja wa asilimia 60, au jumla ya 70 yenye mmoja wa angalau 40. Maradhi yenye chanzo kimoja huhesabiwa kuwa ulemavu mmoja. Mwenye 30, 20 na 20 zote kutoka jeraha moja ana jumla ya 55, inayopanda hadi 60, na amefikisha sharti ingawa hakuna hata moja inayofika 40. Zingekuwa za vyanzo tofauti, kwa kawaida angebaki nje. Huyo ndiye mtu ambaye anajiumiza akishinda na dai la moja kwa moja huku la upili lingemfaa zaidi. Fomu yake ni 21-8940.

Kupandisha asilimia kuna sifa moja ambayo upili hauna: ukithibitisha kwamba hali ilizidi ndani ya mwaka mmoja kabla ya kudai, malipo yanaweza kurudi hadi tarehe ilipozidi. Upili kwa kawaida huanza tarehe ya kudai, au tarehe maradhi yalipothibitika kama ilikuja baadaye. Na kuna hatari moja ambayo upili hauigusi sana. Ukiomba kupandishwa unaitwa kupimwa goti lilelile, na likionekana limepata nafuu VA inaweza kupendekeza kulishusha. Itakupa siku 60 za kuleta ushahidi, lakini ni usumbufu wa kujitafutia. Asilimia iliyodumu miaka 20 haishushwi isipokuwa kwa udanganyifu, na jeraha lililokubaliwa miaka 10 halifutwi kirahisi. Aliye na miaka 18 au 19 kwenye asilimia ileile afikirie mara mbili kabla ya kuligusa goti la kwanza. Upili unaweza kusubiriwa au kudaiwa peke yake.

Siku ya uchunguzi, kwa njia yoyote, usijikaze. Mchunguzi akisema "kunja", kunja mpaka maumivu yanapoanza na useme ndipo yanapoanza. Mweleze siku mbaya zinavyokuwa, si leo tu. Tangu kesi ya DeLuca ya 1995 maumivu na uchovu wa kiungo kinapotumika mara kwa mara ni sehemu ya kipimo. Usipofika bila sababu nzuri, dai la kupandisha asilimia linaweza kukataliwa kwa hilo tu.

Wakikataa

Tangu Februari 2019 kuna njia tatu, na una mwaka mmoja kuilinda tarehe yako ya awali. Dai la nyongeza, fomu 20-0995, linahitaji ushahidi mpya unaohusika. Ndilo la mwenye kukosa barua nzuri ya daktari, na kwa madai ya upili hilo ndilo kosa la kawaida. Mapitio ya ngazi ya juu, fomu 20-0996, hayapokei karatasi mpya hata moja, bali afisa mwenye uzoefu hutazama kama faili lilelile lilisomwa vibaya. Yanafaa kwa yule ambaye suala la kuzidishwa halikujibiwa, na unaweza kuomba mazungumzo ya simu kuonyesha kosa hilo. Bodi ya Rufaa za Maveterani, fomu 10182, ina hakimu, na ndiyo ndefu kuliko zote, hasa ukitaka kusikilizwa ana kwa ana. Binafsi naiacha Bodi kwa mabishano ya sheria yenyewe. Kumpelekea hakimu faili lisilo na maoni ya daktari ni kusubiri muda mrefu ili uambiwe ulichokwisha kuambiwa.

Nani akusaidie

Wawakilishi wa vyama vya maveterani kama DAV, American Legion na VFW hawatozi chochote, na kwa dai la kwanza sijaona sababu ya kupita kwingine. Ubora wao hutegemea mtu, si chama. Ukiona hajui tofauti ya kusababishwa na kuzidishwa, badilisha. Wakili hana ruhusa ya kutoza kwa kuandaa dai la kwanza. Anaweza baada ya uamuzi kutolewa, na ada ya asilimia 20 ya malimbikizo huchukuliwa kuwa ya haki, ilhali inayozidi theluthi moja huchukuliwa kuwa si ya haki. Kampuni inayokutaka usaini kuilipa nyongeza ya miezi kadhaa kwa kujaza fomu ya kwanza inavunja sheria, hata tangazo lake likiwa na bendera na askari wanaotabasamu. Tafuta jina lake kwenye orodha ya waliosajiliwa na ofisi ya mwanasheria mkuu wa VA kabla hujatoa hata nambari ya simu.

Aliyekwisha kuhama Marekani bado anadai na kulipwa. Uraia wala makazi si sharti. Ana sababu ya ziada ya kudai upili hata kwa asilimia sifuri: mpango wa VA wa matibabu ya ng'ambo hulipia maradhi yaliyokubaliwa, na ugonjwa wa tumbo uliokubaliwa kama tokeo la dawa za goti unaingia humo.

Kama bado unakusanya rekodi na hujaamua njia, usiisubirishe tarehe. Fomu 21-0966 ya kutoa nia ya kudai inashika siku yako kwa mwaka mzima, na kuanza tu kujaza dai la ulemavu kwenye tovuti ya VA kunaishika vilevile. Ndani ya mwaka huo omba nakala ya faili lako la madai, tafuta ukurasa unaolitaja jeraha la kwanza, na umpelekee daktari huo pamoja na swali lenye sehemu mbili: limesababishwa, au limezidishwa?